Kabla ya Kufuta Jina, Tubadilishe Mpini

Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya mashamba ya mtoni, Garissa

Tunajua mmeacha kazi mashambani ili mje kuketi nasi, kwa hiyo hatutawachosha kwa maneno mengi.

Mara nyingi tukikutana huwa tunazungumza juu ya mikopo, mbegu au mafuta ya pampu. Leo tunataka kuzungumza juu ya mpini. Ndiyo, mpini wa jembe. Tutazungumza pia juu ya magunia, mbao, tyubu kuukuu za baiskeli, na juu ya mwenzetu ambaye miguu, mgongo au mikono yake haina nguvu ya kutosha.

Jina lililo kwenye daftari

Ninyi mnajua jinsi vikundi vyetu vya Tana vinavyoendeshwa. Pampu ni moja, mfereji mkubwa ni mmoja, na kila mwanachama ana kipande chake cha ndizi, maembe, nyanya, vitunguu au matikiti. Mafuta tunachangia. Mfereji tunausafisha pamoja siku iliyowekwa. Asiyefika anatozwa faini, na faini zikizidi jina lake linaletwa mbele ya kamati. Jina likifutwa, kipande cha shamba kinapewa mwingine.

Sheria hii haikutungwa kwa ubaya. Bila hiyo mfereji ungejaa mchanga na hakuna ambaye angepata maji. Lakini tumeona namna inavyowakata watu wawili kwa panga moja: mvivu, na yule ambaye mwili wake umekataa. Mzee aliyepigwa na kiharusi upande mmoja hawezi kushika sepeto kwa mikono miwili. Mama aliyepata polio utotoni hawezi kusimama mferejini. Kijana aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya lori anafika kwa kiti cha magurudumu mpaka mwanzo wa shamba, halafu mtaro wa kwanza unamzuia. Kwenye daftari wote wameandikwa “hakufika”, sawasawa na yule aliyekuwa amelala nyumbani.

Na si faini tu. Mtu asiyeweza kupalilia mwenyewe humlipa kibarua. Nyanya zikiuzwa, ujira wa kibarua umekula faida. Msimu wa pili anashindwa kuchangia mafuta. Msimu wa tatu anaondoka mwenyewe, na sisi tunasema, “Amechoka na ukulima.” Hakuchoka na ukulima. Alichoshwa na jembe lisilomfaa.

Neno letu la leo basi ni hili: kabla ya kamati kufuta jina, kwanza tubadilishe mpini.

Tunazungumza juu ya nani?

Wengine mnajiuliza, je, watu hawa ni wengi kiasi gani? Katika hesabu ya watu ya 2019, Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi walioandikwa kuwa na ulemavu walikuwa asilimia 2.2, na kati yao shida ya kutembea ndiyo iliyokuwa nyingi kuliko nyingine zote. Lakini hesabu hiyo haimtaji kila bibi ambaye magoti yake yanamuuma, wala kila mzee ambaye akiinama kunyanyuka ni taabu.

Hapa kwetu tuna sababu zetu. Mwezi wa Mei 2013 polio ilizuka tena Dadaab, na mwaka huo Kenya ilipata wagonjwa 14. Ndiyo sababu chanjo ya watoto bado ni kazi yetu sote. Tuna majeraha ya risasi ya miaka ya vurugu, tuna ajali za barabarani, tuna sukari inayowakata watu miguu. Na tuna uzee, ambao unatungoja sote tukijaliwa. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Kanuni unayomtungia jirani leo huenda kesho ikasomwa juu yako.

Chombo kimfuate mtu

Jembe la dukani limetengenezwa kwa mtu mwenye mikono miwili, miguu miwili na mgongo unaoinama. Huyo ni mtu mmoja tu kati ya wengi. Fundi wa jua kali anaweza kulitengeneza upya kwa muda wa asubuhi moja. Ulaya na Marekani kuna maduka yanayouza vifaa vya bustani vya watu wenye ulemavu, vimechorwa vizuri na bei yake ni kubwa. Sisi tukielewa sababu ya kila umbo, tunaweza kujitengenezea wenyewe. Tuangalie hali moja moja.

Asiyeweza kuinama. Huyu anasimama vizuri lakini mgongo au nyonga hairuhusu. Apewe mpini mrefu, unaofika kati ya kifua na kidevu akisimama wima. Lakini angalieni: mkitia mpini mrefu kwenye jembe pana mtampa mzigo mwingine. Chukueni jembe lililolika, fundi alikate liwe jembamba na jepesi, kisha alifungue pembe kidogo ili livutwe juu ya udongo badala ya kuinuliwa na kupigwa. Magugu yakikatwa yangali machanga, kuvuta kunatosha. Yakiachwa mpaka yawe marefu, hakuna chombo kitakachomsaidia.

Kwa kupanda, apate bomba la plastiki linalofika kiunoni, upana wake mbegu ya tikiti ipite bila kukwama. Analisimamisha juu ya shimo, anaangusha mbegu kwa juu, anafukia kwa mguu. Kazi ya kuinama mara mia kwa asubuhi imekwisha.

Anayekaa chini. Mama aliyepata polio, tuliyemtaja, husogea kwa mikono. Yeye anataka kinyume: kijembe chepesi chenye mpini mfupi, kama shibiri mbili, na panga lililokatwa. Apate kibao cha kukalia chenye sponji juu na kipande cha tairi chini, ili akisukume huku akisonga mbele. Kwa mikono, ndara za tairi kama akala, na kwa magoti pia, kwa sababu ya miiba ya mathenge. Mama mmoja wa namna hii alituambia kwamba huruma anayo ya kutosha mwaka mzima. Alichokuwa amekosa ni jembe. Siku hizi anapalilia vitunguu vyake mwenyewe na kibarua humwita siku ya kuchimbua tu.

Mwenye mkono mmoja wenye nguvu. Baada ya kiharusi, mkono uliobaki unafanya kazi ya miwili na kifundo chake kinachoka haraka. Mpini urefushwe kidogo mpaka upite kiwiko, na pale chini ya kiwiko ufungwe kikuku cha tyubu au cha ngozi. Sasa kazi inafanywa na mkono wote, si kifundo peke yake. Ikiwa kifundo kinamuuma, tafuteni tawi lenye panda, yaani lililoota tawi dogo kwa ubavu. Tawi dogo linakuwa mahali pa kushika, na mkono unakaa wima kama anayeshika msumeno. Miti yetu ina panda nyingi, haya ni mambo ya kuchagua tu.

Mwenye vidole visivyokaza. Baridi yabisi, ukoma wa zamani, au kuungua. Mpini mwembamba humtoka mkononi. Zungusheni vipande vya tyubu mpaka unene ufike sentimita 3 au 4, kisha mwekee kitanzi cha kupitisha mkono ili chombo kisianguke. Ikiwa mkono hauhisi maumivu, kama ilivyo kwa waliougua ukoma, basi mpira huo si wa starehe, ni kinga. Mtu huyo akague viganja vyake kila jioni, maana lengelenge asilolihisi linaweza kuwa kidonda cha miezi.

Jambo moja linahusu hali zote hizi. Anayesema “huu unanifaa” ni yule atakayeutumia, si fundi, si mwenyekiti, wala si sisi wa ofisi ya maendeleo. Mpeni ajaribu kwa saa nzima shambani, si kwa dakika moja chini ya mti. Mpini unaopendeza kwa dakika moja unaweza kumuua mtu bega baada ya saa moja.

Shamba nalo libadilike

Mara nyingine jembe si shida. Shida ni kufika. Kijana wa kiti cha magurudumu tuliyemtaja alikuwa na mikono yenye nguvu kuliko ya wengi wetu. Kilichomzuia ni mtaro wa upana wa hatua moja. Mbao mbili zilizopigiliwa pamoja zikawekwa juu ya mtaro, basi akapita. Katika vifaa vyote tunavyovitaja leo, ubao wa kuvukia ndio wa bei ndogo na ndio unaosahauliwa zaidi.

Njia ya kiti iwe na upana wa mita moja, na mwisho wake pawe na nafasi ya mita moja na nusu ya kugeuzia. Ukingo wa mfereji usiwe mkali: kwa kila sentimita 10 za kupanda, mteremko uwe na urefu wa sentimita 120. Njia ifyekwe mathenge, maana miiba yake hutoboa tairi, na kiti chenye pancha katikati ya shamba saa sita mchana ni hatari. Wengi wanapendelea tairi zisizojazwa upepo kwa sababu hii. Kwenye mchanga wetu kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu pana mbele huenda vizuri kuliko kile cha hospitali chenye vigurudumu vidogo. Chama cha APDK, kilichoanza 1958, kinatengeneza viti nchini humu, na karakana zake za Bombolulu kule Mombasa zilianzishwa 1969 zikiwaajiri watu wenye ulemavu wenyewe. Kwa hiyo msidhani kiti ni lazima kitoke ng’ambo.

Tukifika kwenye tuta, kuna wanaoinua ardhi ili isiwe lazima kuinama. Kwa anayesimama, kimo cha kiuno. Kwa anayekaa kitini akigeuka ubavu, sentimita 60 hivi. Akitaka magoti yaingie chini, itengenezwe meza ya fito yenye nafasi ya sentimita 70 chini yake. Upana usizidi sentimita 60 kama anafikia upande mmoja, au 120 kama anafikia pande zote mbili. Nje ya hapo mkono haufiki.

Kule Lesotho, katika miaka ya 1990, watu walianza kujenga bustani za mviringo zilizoinuliwa kwa mawe, zenye kijia kinachoingia mpaka katikati na kikapu cha mbolea pale kati. Ziliwafaa hasa wagonjwa na wazee, kwa sababu mtu anasimama mahali pamoja na kufikia kila upande. Katika kambi za Dadaab na Kakuma wakimbizi walifundishwa bustani za magunia: gunia linajazwa udongo na samadi, katikati unasimamishwa mkondo wa kokoto wa kupitisha maji, na sukuma wiki au mchicha unapandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Gunia moja halimshibishi mtu, lakini magunia matano mlangoni yanapunguza safari za sokoni, na mtu anayahudumia akiwa ameketi.

Lakini tuseme ukweli. Lesotho ni nchi ya baridi. Garissa hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, na jua letu mnalijua. Tuta lililoinuliwa hukauka upesi kuliko la chini. Kwa hiyo ndani yake wekeni karatasi ya nailoni yenye matundu machache, juu tandazeni majani makavu, na pawe na kivuli cha makuti au wavu saa za mchana. Na kwa anayekaa chini msiinue kitu: tuta lililozama kidogo linamfaa zaidi, na linashika maji.

Tena kuna njia ya kupunguza kulima kwenyewe. Kikundi kichimbe matuta ya mwenzao kwa kina mara moja, kiweke samadi, halafu matuta yale yasikanyagwe tena. Udongo usiokanyagwa unabaki laini, na msimu unaofuata kijembe kidogo kinatosha. Siku moja ya harambee inampa mtu misimu kadhaa.

Maji ni mazito

Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Anayetembea kwa magongo hana mkono wa kuubeba. Hapa ndipo bustani nyingi hufa, hata kama mpini ni mzuri.

Njia ya kwanza ni ile tuliyo nayo: mfereji mdogo ufike mpaka kwenye tuta lake, na mlango wa kufungulia maji uwe ubao wenye kamba ya kuvuta, si udongo wa kuchimbua kila mara. Njia ya pili ni matone. KARI, ambayo siku hizi ni KALRO, ilianza kueneza seti ndogo za ndoo katika miaka ya 1990. Ndoo ya lita 20 inawekwa kwenye kigingi kimo cha mita moja, na mipira miwili ya mita 15 inapita kwenye mashina. Inatosha mimea 100 hivi. Mtoto au mkokoteni wa punda unaleta maji asubuhi, na mwenye shamba anaendesha mengine. Tatizo ni kwamba maji ya Tana yana matope, na tundu la matone ni dogo. Yaacheni yatulie usiku mzima kwenye pipa, kisha yachujwe kwa kitambaa. Bila hivyo seti itaziba kabla ya mwezi kwisha.

Kuhusu pampu, mwangalie kabla ya kununua. Pampu za kukanyaga za MoneyMaker, zilizotoka 1996 kwa kazi ya ApproTEC ambayo sasa inaitwa KickStart, zimewainua wakulima wengi. Lakini zinataka miguu miwili. Kikundi chenye wanachama wasiokanyaga kipange wawili wawili, mmoja akanyage na mwingine aelekeze maji, au kifikirie pampu ya sola. Na mtu asiyeweza kukimbia asitumwe kuteka maji ukingoni mwa mto. Mamba na viboko hawamngojei mtu atafute magongo yake.

Mambo ya hatari yasiyoonekana

Tunaomba sikio lenu hapa, hasa ninyi mnaowatunza walioumia uti wa mgongo. Mtu asiyehisi sehemu ya chini ya mwili anaweza kukaa juu ya jiwe, juu ya mwiba au juu ya mchanga wa moto asijue. Kidonda cha kukalia huanza kama wekundu au weusi mdogo kwenye ngozi, kisha huchimba mpaka mfupa. Watu wamekufa kwa vidonda hivi ambao hawakuuawa na ajali. Kwa hiyo:

– Asikae shambani bila mto mzuri wa sponji, hata kwa muda mfupi.
– Kila robo saa ajiinue kwa mikono au ajiegemeze upande ili damu ipite.
– Jioni mtu wa nyumbani amkague makalio, visigino na magoti, au ajikague kwa kioo.
– Wekundu usiopotea baada ya nusu saa ni ishara: apumzike asikalie hapo mpaka ngozi irudi, na akiona umefunguka aende zahanati mara moja.

Pia walio na jeraha la juu la uti wa mgongo hawatoi jasho vizuri, na joto huwapanda upesi. Kazi yao iwe alfajiri na alasiri, na maji ya kunywa yawe karibu. Mipini ya chuma ifungwe mpira, kwa maana ikiachwa juani inaunguza.

Na mto ukifurika? Mnakumbuka mwisho wa 1997, na Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024. Kikundi kiwe na karatasi ya majina: nani asiyeweza kukimbia, na nani atakayemchukua. Karatasi hiyo iandikwe wakati wa kiangazi, si maji yakiwa magotini.

Kazi ya kikundi na katiba

Sasa tumefika mahali pagumu. Katika mkutano mmoja mzee wa kamati alituuliza swali la haki. Alisema: mafuta ni ghali, mfereji ni mrefu, mimi mgongo wangu unauma na bado nachimba, je, mwingine akae kivulini apate maji sawa na yangu? Hatukumwona kuwa na roho mbaya. Swali lake lazima lijibiwe, kwa sababu asipojibiwa atanyamaza mkutanoni na atalalamika njiani.

Jibu letu ni hili. Mwanachama mwenye ulemavu asipunguziwe mchango wa mafuta, wala asipunguziwe siku za kazi. Kinachobadilika ni aina ya kazi. Siku ya mfereji, wengine wanachimba. Yeye anatunza kitalu cha miche ya kikundi, anachambua nyanya za soko, anatengeneza mipini, anafukuza tumbili, anashika daftari la zamu za maji. Saa ni zile zile. Zikiandikwa kwenye daftari, yule mzee hana la kulalamikia, na yule mwenzetu hana deni la huruma la mtu yeyote.

Ila kuna mtego hapa. Msimpe kila mwenye ulemavu kalamu kwa nguvu. Wengine hawajasoma, na wengine wamesoma lakini wanapenda udongo. Muulizeni kwanza anataka kazi gani. Na tukubali kwamba kuna kazi ambazo hakuna mpini utakaoziweza, kama kuvuta pampu ya dizeli kuipandisha ukingoni usiku mto ukijaa. Kwa kazi hizo tubadilishane tu, kama tunavyobadilishana sisi kwa sisi mtu akiwa na msiba.

Katiba zenu zinaweza kubadilishwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10 na kiwe na katiba. Haisemi kila mtu achimbe kwa sepeto. Badala ya “kila mwanachama atachimba mfereji”, andikeni “kila mwanachama atatoa siku sawa za kazi, na kazi itagawanywa kwa mapatano kulingana na uwezo.” Maneno machache, lakini yanamwacha mtu kwenye daftari.

Kuna msaada wa serikali pia. Katiba ya nchi ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kupata vifaa vya kumsaidia. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya 2003, lina mfuko wa kusaidia vifaa na vikundi. Kwanza mtu lazima apimwe na daktari hospitalini na aandikishwe. Wengi wetu hatujaandikishwa kwa sababu hospitali ni mbali. Kikundi kinaweza kukodi gari moja kikawapeleka wote siku moja. Lakini msingoje kiti cha serikali ndipo mweke ubao juu ya mtaro.

Siku ya mipini

Tunapendekeza kila kikundi kiweke siku moja kabla ya mvua za vuli:

1. Kamati ipite nyumba kwa nyumba na kuuliza ni nani aliyeacha shamba, na kwa nini. Waulizwe pia wazee.
2. Kila mtu alete majembe yaliyolika, tyubu, tairi na mbao.
3. Aitwe fundi mmoja wa kuchomelea na seremala mmoja.
4. Mwenye shida aoneshe mwenyewe kazi inayomshinda, shambani, si kwa maneno.
5. Chombo kitengenezwe, kijaribiwe saa nzima, kirekebishwe.
6. Baada ya mwezi kamati irudi kuangalia kama kinatumika au kimening’inizwa ukutani. Kama kimening’inizwa, mwulizeni sababu na mtengeneze kingine.

Ndugu zetu Wasomali wana methali isemayo kwamba meno yakiwa pamoja ndiyo hukata. Jino moja likilegea, mwenye busara halingʼoi kabla ya kuangalia kama linatibika.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika miaka mitano iliyopita, ni majina gani yamefutwa kwenye daftari letu? Ni mangapi yalifutwa kwa sababu ya mwili, si uvivu?
2. Je, mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kufika mpaka mwisho wa shamba letu? Anazuiwa wapi?
3. Ni kazi gani za kikundi zinazoweza kufanywa na mtu aliyeketi, na saa zake tutaziandikaje?
4. Ni nani kati yetu atakayemchukua nani, mto ukifurika usiku?